Kufunga flai za trauti: dazeni moja, flai 12 zinazofanana

Somo la ufundi katika toleo hili linahusu kazi inayofanyika mezani kwa vidole, makasi madogo na uzi mwembamba: kufunga flai. Flai ni chambo bandia. Ni ndoana iliyovishwa manyoya, sufu na waya hadi ikafanana na mdudu au kiumbe kingine ambacho samaki angependa kukimeza. Hakuna mnyoo wala nyama. Anayeivua trauti kwa flai anamdanganya samaki kwa macho yake.

Wakazi wanaoishi karibu na mito ya Gura, Chania, Thego na Sagana wanamjua trauti, lakini si wote wanaojua kwamba samaki huyu si mwenyeji wa milima yetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905, na Ewart Grogan ndiye anayetajwa kwa kuwaingiza samaki hao katika Mto Gura, upande wa Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye. Walipata maji baridi, yenye hewa nyingi na mawe, wakatulia. Kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, hapa kwetu Nyeri, kimekuwa sehemu ya historia hiyo kwa miongo mingi.

Pamoja na samaki ukaja ufundi wa kufunga flai. Walowezi walihitaji chambo, na Wakenya wakajifunza kukifunga. Leo nchi yetu inajulikana miongoni mwa wavuvi wa Ulaya na Marekani kwa sababu ya flai zinazofungwa kwa mkono hapa Kenya na kusafirishwa kwa dazeni. Mvuvi anayesimama katika mto wa Uskoti au Norwe akimsubiri samoni, samaki ambaye mito yetu haina, huenda anarusha kazi ya mikono ya mama wa huku kwetu.

Hapo ndipo somo hili linapopata uzito. Mafundi wengi hulipwa kwa dazeni zilizokubaliwa, si kwa saa walizokaa mezani. Flai moja nzuri haikulipi. Kinacholipwa ni flai 12 zinazofanana kiasi kwamba mnunuzi hawezi kukuambia ipi ilikuwa ya kwanza na ipi ya mwisho. Anayeanza aghalabu hukimbilia kujifunza mitindo 10 kwa wiki moja. Ushauri wetu ni kinyume chake: chukua mtindo mmoja, ufunge hadi mkono uuzoee.

Samaki anaona nini?

Kabla ya kushika uzi, elewa unamdanganya nani. Trauti hukaa akielekeza kichwa mkondo unakotoka, na kusubiri chakula kiletwe na maji. Sehemu kubwa ya mlo wake hupatikana chini ya maji: viluwiluwi vya wadudu wanaoishi chini ya mawe, konokono wadogo, hata samaki wadogo. Wadudu hao wanapokomaa na kupanda juu ili waruke, trauti huwafuata hadi usoni mwa maji.

Kwa hiyo kuna flai za kuelea na flai za kuzama, na tofauti yake huanza kwa kuku. Manyoya ya shingo ya jogoo aliyekomaa ni magumu na yanang'aa. Hayanyonyi maji haraka, hivyo huibeba flai juu ya maji. Manyoya ya tetea ni laini, hulowa upesi, na yakiwa ndani ya maji huchezacheza kama miguu ya mdudu. Fundi anayefunga flai ya kuelea kwa unyoya wa tetea amefunga flai itakayozama, hata iwe nadhifu vipi.

Mtindo tutakaojifunza leo ni wa kuzama. Unaitwa Woolly Bugger, na ulibuniwa mwaka wa 1967 na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Unatumia ndoana kubwa, kwa hivyo macho ya anayeanza hayataumia. Vifaa vyake si vigumu kupata. Tena ni mtindo unaonunuliwa karibu kila mahali trauti anapovuliwa, kwa kuwa haufanani na mdudu mmoja tu. Ukivutwa majini, mkia wake hutikisika na samaki anaweza kuuona kama ruba, samaki mdogo au kiluwiluwi kikubwa.

Vifaa

Utahitaji jiliwa dogo, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, la kushikilia ndoana mezani. Utahitaji pia makasi madogo yenye ncha kali, kishikio cha uzi chenye mrija ambamo uzi hupita, koleo ndogo ya kushikia ncha ya unyoya, na sindano. Makasi haya yasikatie waya wala karatasi. Ukiyatumia kukata waya asubuhi, jioni yatakuwa yanatafuna manyoya badala ya kuyakata.

Kwa flai yenyewe: ndoana namba 8 yenye shina refu, uzi mweusi imara, waya mwembamba wa shaba, sufu nyeusi, unyoya mrefu wa shingo ya jogoo uliotiwa rangi nyeusi, na manyoya mepesi ya bata mzinga, yale ya chini yanayopeperuka hata ukipumua karibu nayo. Kumbuka kwamba katika ndoana hizi namba ikiongezeka ndoana hupungua. Namba 14 ni ndogo kuliko namba 8.

Manyoya hayo ya bata mzinga huuzwa duniani kwa jina la marabu. Jina hilo lilitokana na yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni anayeonekana kwenye majaa ya taka Nairobi, kwa kuwa zamani manyoya yake ndiyo yaliyotumika. Siku hizi bata mzinga amechukua nafasi yake, na hilo ni jambo jema, kwa sababu tutakazozieleza chini.

Ukitumia manyoya ya kuku wako mwenyewe, yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yasuuze vizuri na uyaanike kivulini. Yahifadhi kwenye chombo kinachofungika, kwani nondo akiingia katika manyoya hutakuta kitu baada ya miezi michache.

Jinsi ya kufunga

Tukubaliane majina kwanza. Sehemu iliyonyooka ya ndoana tutaiita shina. Tundu la kupitishia kamba ni jicho. Kijino cha nyuma ya ncha ni chembe. Nafasi kati ya ncha na shina ni mdomo.

Bana ndoana kwenye vaisi mahali inapopinda, shina likiwa limelala sawa na meza. Anza uzi nyuma kidogo ya jicho. Uzungushe juu ya wenyewe mara tano au sita ili ujishike, kata ncha iliyobaki, kisha uendelee kuuzungusha kurudi nyuma hadi juu ya chembe. Mizunguko iwe imekaribiana. Uzi huu wa kwanza ndio msingi. Manyoya yakifungwa juu ya chuma kitupu yatazunguka shina samaki anapouma.

Chukua manyoya ya bata mzinga, lowesha vidole na uyakusanye. Yapime kwenye ndoana: mkia uwe na urefu sawa na wa shina. Ukiwa mfupi hautatikisika. Ukiwa mrefu kupita kiasi, samaki atauma manyoya na kuiacha ndoana. Ufunge mkia juu ya shina, na usikate mabaki yake palepale ulipoufunga. Yalaze juu ya shina lote hadi karibu na mbele, uyafunge kwa uzi, ndipo ukate. Hivyo mwili wa flai utakuwa na unene mmoja. Mabaki yakikatwa nyuma, mwili utakuwa na nundu upande wa mkia, na nundu hiyo haifichiki.

Rudisha uzi nyuma. Funga waya wa shaba chini ya mkia, kisha sufu, vyote vikining'inia upande wa nyuma. Peleka uzi mbele. Sasa zungusha sufu kuelekea mbele, kila mzunguko ukigusa mwenzake, na usimame milimita 3 hivi kabla ya jicho. Funga sufu kwa uzi na ukate.

Hapa tusimame kidogo. Kosa linaloharibu kazi ya wanafunzi wengi ni kuikaribia mno jicho. Mtu huona nafasi tupu, anaona vibaya kuiacha, anaongeza mzunguko mmoja wa sufu. Baadaye anakosa mahali pa kufungia unyoya na kichwa, uzi unapanda juu ya jicho, na mvuvi hawezi kupitisha kamba. Ile nafasi ya milimita 3 si tupu. Ina kazi mbili zinazoisubiri. Ukiona umeipoteza, fungua sufu mizunguko miwili urudi nyuma, usijaribu kubana.

Unyoya wa jogoo nao uupime kabla ya kuufunga. Ukunje kidogo ili nyuzi zake zisimame, uulinganishe na mdomo wa ndoana: nyuzi ziwe na urefu wa mara moja na nusu ya mdomo. Ondoa malaika ya chini ya uti, kisha funga unyoya mbele, katika ile nafasi uliyoiacha, kwa upande wake mnene. Ushike kwa koleo, uzungushe mara mbili hapohapo, halafu uteremke nao kuelekea mkia kwa mizunguko mitano iliyoachana sawasawa.

Ukifika nyuma, acha koleo lining'inie na unyoya wake. Chukua waya wa shaba na uupitishe juu ya ncha ya unyoya mzunguko mmoja mkavu, ukaze. Kisha upandishe waya kwenda mbele kwa kuuzungusha upande ulio kinyume na ule wa unyoya. Ikiwa unyoya ulizungushwa kwa kukuacha, waya uzungushwe kwa kuja kwako. Kila unapopita, tikisa waya kulia na kushoto ili usilaze nyuzi za unyoya. Kwa njia hii waya unaukata uti wa unyoya mahali pengi na kuubana katika kila makutano.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya kufunga unyoya nyuma na kuuleta mbele bila waya kupita juu yake. Inaokoa sekunde chache. Lakini meno ya trauti ni madogo na makali. Yakikata uti mahali pamoja, unyoya wote unafumuka na flai imekwisha kwa samaki wa kwanza. Kwa maoni yetu, sekunde hizo hazina faida.

Funga waya mbele kwa uzi. Usiukate kwa makasi. Uchezeshe huku na huku hadi ukatike wenyewe kwenye uzi. Kata ncha ya unyoya iliyobaki nyuma. Tengeneza kichwa kidogo kwa mizunguko michache ya uzi, kisha umalizie kwa fundo la kuzungushia, ambalo uzi hujilalia wenyewe mara nne au tano kabla ya kuvutwa. Asiye na kifaa cha fundo hilo anaweza kutumia mrija mtupu wa kalamu ya wino: fanya kitanzi cha uzi juu ya mrija, uelekeze mrija kwenye jicho, ukisukumie kitanzi juu ya kichwa na ukaze. Rudia mara tatu au nne.

Tia tone moja la vanishi kwenye kichwa kwa ncha ya sindano. Kabla halijakauka, pitisha sindano au uti wa unyoya ndani ya jicho ili libaki wazi. Hili watu hulisahau kwa sababu flai imeshapendeza machoni. Mvuvi aliye kwenye mto baridi alfajiri, vidole vimekufa ganzi, akikuta jicho limezibwa na vanishi hatanunua tena mahali aliponunua.

Kujikagua kabla ya kukaguliwa

Panga flai zako 12 kwenye karatasi nyeupe, vichwa vikielekea upande mmoja. Tazama mikia: je, inaishia kwenye mstari mmoja? Tazama vichwa, kisha hesabu mizunguko ya waya. Halafu shika moja kwa koleo na ujaribu kuuzungusha mwili wake kwa vidole. Ukizunguka, msingi wa uzi ulikuwa mlegevu, na yaelekea wenzake wako hivyo pia.

Tuseme fundi mmoja hufunga flai moja kwa dakika 6, lakini kwa kila dazeni inayokubalika, flai tatu nyingine hukataliwa. Ili akamilishe dazeni inayokubalika lazima afunge 15, yaani dakika 90, na vifaa vya zile tatu vimepotea. Jirani yake hutumia dakika 7 kwa kila flai na hakuna inayorudishwa. Dazeni yake imekamilika kwa dakika 84. Aliyeonekana mzembe ndiye aliyemaliza kwanza.

Macho na mgongo pia ni mtaji. Weka taa upande, si mbele ya uso, na karatasi ya rangi hafifu nyuma ya vaisi ili ndoana ionekane. Inua macho utazame mbali kila baada ya flai mbili tatu. Anayeanza kuisogeza pua karibu na vaisi anahitaji kupimwa macho, si kukaza bidii.

Flai za samoni na jambo la sheria

Mafundi waliobobea hupata oda za flai za samoni. Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini kwenda kuzaa huacha kula. Hata hivyo huuma flai, pengine kwa hasira au mazoea. Ndiyo maana flai zake hazihitaji kufanana na mdudu. Nyingi ni za rangi kali, nyekundu, manjano, buluu, na hufungwa kwenye ndoana kubwa, wakati mwingine zenye ncha mbili au tatu.

Katika karne ya 19 Waingereza waliofunga flai za samoni walitumia manyoya ya ndege kutoka pembe zote za dunia, na George Kelson alichapisha kitabu kizima kuzihusu mwaka wa 1895. Tamaa ya manyoya hayo haijaisha. Mwaka wa 2009 mwanafunzi wa muziki kutoka Marekani aliingia usiku katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege wa kale, na manyoya yake yakauziwa mafundi wa flai. Alikamatwa na kuhukumiwa.

Hapa kwetu sheria iko wazi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamlinda ndege wa porini na mnyama wa msituni. Usitege ndege kwa ajili ya manyoya yake, na usinunue manyoya au ngozi ya mnyamapori kutoka kwa mtu anayekuambia aliyaokota. Kuku, bata mzinga, sungura wa kufugwa na mbuzi wanatosha, na rangi za dukani zitakupa nyekundu na buluu yoyote utakayoombwa.

Kabla ya kutoa pesa

Gazeti hili halimtangazii mnunuzi yeyote. Anayekuuzia mafunzo au vifaa kwa ahadi ya soko la uhakika, muulize maswali haya kabla ya kulipa. Nani anatoa ndoana na manyoya? Zinazokataliwa hurudishwa kwako au hubaki kwake? Malipo hutoka baada ya siku ngapi? Nani anashughulikia vyeti vya mifugo, kwa kuwa nchi nyingi hudhibiti uingizaji wa manyoya kwa kuhofia magonjwa ya ndege? Asiyeweza kujibu swali la mwisho pengine hajawahi kusafirisha hata dazeni moja. Omba pia flai moja ya mfano kwa kila oda, uiweke mbele yako mezani hadi kazi iishe. Maneno ya simu kama "fanya nyeusi, mkia wa kawaida" hayatoshi.

Ukitaka kuijaribu kazi yako mtoni, pata kwanza leseni ya kuvua kutoka ofisi ya uvuvi, na ikiwa mto uko ndani ya hifadhi, fuata pia masharti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Rusha flai juu ya mkondo, iache izame, kisha uivute kwa mivuto mifupi. Ukitoka, itazame kwa makini: mkia umebaki? Waya umelegea? Mto hukagua kwa ukali kuliko mnunuzi.

Flai zilizokamilika ziache zikauke usiku kucha kabla ya kuzifunga. Zichomeke safu kwa safu kwenye kipande cha sponji, 12 kwa kila kipande, na uandike juu yake mtindo, namba ya ndoana, rangi na tarehe. Ile ya mfano ifungwe peke yake.